Je, Kipofu Huota Nini?

Leo mazungumzo yetu yanatokana na swali la kijana mmoja wa mtaa wa Jericho, hapa Eastlands. Ameuliza hivi: mtu asiyeona, je, huota? Na akiota, huona nini? Tusimcheke. Wazee wa kanisa nao wametuuliza jambo hilohilo, ila wao huuliza kwa kunong'ona, baada ya yule kipofu kwisha kupita.

Tuanze na jibu lenyewe. Ndiyo, kipofu huota kama wewe. Ndoto haitengenezwi na jicho. Hutengenezwa na ubongo. Hebu fikiri: usiku umezima taa, umefumba macho, umejifunika blanketi hadi kichwani, na bado unaiona Jogoo Road yote, matatu zake na makanga wakining'inia mlangoni. Ni nuru gani iliyokuonyesha hayo? Hakuna. Ubongo umeyatoa katika ghala yake. Basi ubongo wa kipofu nao una ghala yake, na usiku hutoa kilichomo.

Tofauti iko katika yale yaliyowekwa ghalani, na hayo hutegemea sana umri ambao mtu alipoteza macho. Jambo hili limechunguzwa tangu zamani. Mwaka wa 1838 Mjerumani aitwaye Heermann aliandika habari za vipofu na ndoto zao, na mwaka wa 1888 Joseph Jastrow akafanya vivyo hivyo huko Marekani. Wote wawili walikuta jambo moja. Aliyepofuka kabla ya kutimiza miaka 5 kwa kawaida haoni picha katika ndoto. Aliyepofuka baada ya miaka 7 kwa kawaida huendelea kuona. Wa katikati, wengine huona na wengine hawaoni. Wataalamu wa siku hizi bado wanajadiliana juu ya waliozaliwa bila kuona, lakini mpaka ule wa miaka 5 hadi 7 haujaachwa.

Msomaji wa Injili atakumbuka kwamba mle pia hawakuwa wa namna moja. Yule wa Yohana sura ya 9 alizaliwa kipofu. Bartimayo wa Yeriko, katika Marko sura ya 10, aliomba apate kuona, na neno la Kiyunani lililotumika pale mara nyingi huwa na maana ya kuona tena. (Tusilikaze mno, maana Yohana naye analitumia neno hilo kwa yule wa kuzaliwa.) Lakini kama Bartimayo aliwahi kuona, basi usiku pale kando ya njia alikuwa na nyuso za watu katika ndoto zake. Yule mwingine hakuwa nazo. Alikuwa na nini?

Tulimwuliza mama mmoja wa ushirika wetu ambaye hajapata kuona tangu kuzaliwa. Alisoma katika shule ya vipofu ya Thika, ile iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka wa 1946, kisha akafanya kazi ya kuunganisha simu ofisini kwa miaka mingi. Alicheka sana. Akasema, “Kasisi, mimi naota mpaka nachoka.” Akatueleza ndoto moja. Alikuwa Gikomba. Alijua ni Gikomba kwa harufu ya mitumba iliyotoka kufunguliwa, na kwa nyundo za mafundi wa mabati. Chini palikuwa na matope, akayasikia yakiingia katika viatu. Marehemu mama yake akamshika kiwiko, akamwambia, “Twende, mvua inakuja.” Alijuaje ni mama yake? Kwa sauti, na kwa kidole chenye kovu la kisu. Basi mkono ule ukamwacha, naye akaamka analia.

Je, ndoto hiyo imepungukiwa na nini? Ina mahali, ina mtu, ina hali ya hewa, ina upendo na msiba. Picha tu ndiyo haimo, na mwenyewe haitafuti, kwa sababu hata mchana haimo. Sisi tunaoona hudhani kwamba kipofu wa kuzaliwa anatazama giza mchana kutwa, na usiku anatazama giza jingine. Mama huyu anasema hajui giza ni kitu gani.

Hapa lugha yetu ya Kiswahili inatusaidia. Hatusemi kwamba masikio peke yake ndiyo yanayosikia. Twasema kusikia harufu, kusikia baridi, kusikia njaa, kusikia uchungu. Kuota nako ni kuota tu. Neno lenyewe halikutaja macho. Isaka alipokuwa mzee na macho yake yamefifia, alimpima mwanawe kwa sauti, kwa kupapasa mikono, na kwa harufu ya mavazi, yote katika sura moja ya Mwanzo, ya 27. Alidanganywa, ni kweli, lakini angalieni alivyokuwa na njia nyingi za kumjua mtu.

Zaidi ya hayo, chukueni ndoto za Biblia mkazisome tena. Tunazikumbuka zile za picha, miganda ya Yusufu na ng'ombe wa Farao. Lakini ndoto ya Abimeleki katika Mwanzo 20 ni maneno matupu, mazungumzo ya pande mbili tangu mwanzo hadi mwisho. Ya Labani katika sura ya 31 ni onyo la maneno machache. Kipofu wa kuzaliwa angeweza kuziota zote mbili, asipungukiwe na neno.

Kuna jambo moja zito zaidi. Mwaka wa 2014 wachunguzi wa Denmark walitoa habari za watu 50, nusu yao vipofu, ambao waliandikisha ndoto zao kwa muda wa majuma manne. Waliozaliwa vipofu walikuwa na jinamizi nyingi kuliko wengine: kama ndoto 25 katika kila 100, na wale wanaoona kama 6 tu. Wachunguzi hao walidhani kwamba sababu yake ni hatari na hofu ambazo mtu huyo hukutana nazo akiwa macho. Sisi tunaoishi Eastlands hatuoni ugumu wa kuwaamini. Mashimo ya maji machafu yameibwa mifuniko. Matatu hupanda hadi njia ya waendao kwa miguu. Leo njia ni tupu, kesho mtu amepanga viazi hapo katikati. Mama yetu anasema ndoto yake mbaya ni moja, nayo hurudi: fimbo yake inagusa, inagusa, halafu haigusi kitu.

Sasa tuje kwa waliopofuka wakiwa watu wazima, maana huko ndiko kwenye kosa linaloumiza nyumba zetu.

Mzee mmoja, zamani mfanyakazi wa reli, alipoteza macho alipokaribia miaka 50, kwa ugonjwa wa glakoma, ambao wengi huuita presha ya macho. Leo ni miaka zaidi ya 20. Usiku anaona vizuri kabisa. Anaona injini, anaona taa ya kijani, anamwona mkewe akiwa kijana. Wajukuu waliozaliwa baadaye huja katika ndoto kwa sauti zao, lakini nyuso wamezikopa kwa wana wake walipokuwa wadogo. Anasema pia kwamba rangi zinaanza kufifia, na jambo hilo linamhuzunisha kuliko kupofuka kwenyewe.

Asubuhi moja alisimulia kwamba ameota anasoma gazeti. Nyumba nzima ikashangilia. Wakasema Mungu ameonyesha kwamba baba atapona. Ukafanyika mkesha, na fedha zikachangwa apelekwe kwa mhubiri mmoja wa mbali. Kila alipoota tena, tumaini likawashwa upya, na alipoamka kipofu, wengine wakaanza kumwuliza kama ana dhambi ambayo hajaiungama.

Ndugu, hatusemi kwamba Mungu hawezi kusema kwa ndoto. Lakini aliyeona kwa miaka 50, kisha akaota anaona, hajaletewa habari ya macho yake. Ubongo wake umefungua ghala, basi. Ndivyo ilivyo kwa vipofu wengi wa namna yake. Kumfanya mzee achukue kila ndoto kama hati ya ahadi, na kisha kumshtaki ahadi isipotimia, ni kumtwika mzigo usio wake.

Tena kuna mambo ambayo daktari anayajua na ndoto haiyajui. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, na watu wengi huona tena. Wapo vipofu waliokaa nyumbani miaka mingi kwa ugonjwa ambao hospitali ya macho kama ile ya Kikuyu ingeutibu. Glakoma si hivyo. Kilichopotea kwa glakoma hakirudi, lakini kilichobaki huweza kulindwa kwa dawa. Nayo hufuata ukoo. Mwenye baba au ndugu mwenye glakoma yuko katika hatari kubwa kuliko mwingine, na mwanzoni hasikii maumivu wala hajui kitu.

Katika nyumba ya mzee huyo, miaka yote ya mikesha, hakuna mtoto hata mmoja aliyekuwa amepimwa macho. Mwishowe muuguzi mmoja wa ushirika wetu akawaambia waende. Wakaenda wanne. Watatu wako salama. Wa pili kuzaliwa, dereva wa lori, alikutwa na presha katika macho yote mawili, na pembeni mwa jicho la kushoto alikuwa amekwisha kupoteza sehemu bila kujua. Anatia dawa ya matone kila usiku kabla ya kulala, na kila baada ya miezi michache anarudi kupimwa.