Reli Ikitimiza Miaka, Tuwasomee Waliolala Njiani

Usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha, walisema wahenga. Methali hii naiona inafaa katika jambo la reli.

Septemba 2025 Waingereza waliadhimisha miaka 200 ya reli ya Stockton na Darlington, iliyofunguliwa tarehe 27 Septemba 1825. Nakala ya garimoshi Locomotion ilipitishwa katika sehemu ya njia ile ile, na wenyeji, wakubwa kwa wadogo, wakajipanga kandoni kuitazama. Nami nikajiuliza: je, sisi wa Mombasa, ambako reli yetu ilianzia mwaka 1896, tutaadhimisha vipi?

Reli hiyo ilifika Kisumu Desemba 1901. Kwa hiyo Desemba 2026 ndiyo miaka 125. Ikitajwa habari yake, hutajwa Kanali Patterson na simba wa Tsavo aliowaua mwaka 1898. Lakini makuli walioletwa kutoka Bara Hindi walikuwa 31,983, na 2,493 kati yao walikufa. Hesabuni wenyewe, wasomaji: ni karibu watu wanne kwa kila maili moja. Wengi walikuwa Waislamu wa Punjab, wakafa mbali na jamaa zao.

Mmoja hatujamsahau. Pale Mackinnon Road, kando ya reli, amezikwa Seyyid Baghali Shah, aliyekuwa msimamizi wa makuli. Husimuliwa kwamba karai la udongo halikumgusa kichwa, bali lilielea juu yake. Mwenye kuamini na aamini. Mimi, kama wasafiri wengi, nimeshuka hapo, nikasali, nikamsomea Fatiha, kisha nikashika njia. Hayo ni maadhimisho yasiyongoja mwaka wala hotuba.

Basi rai yangu ni hii. Matari yapigwe na pilau ipikwe, lakini kwanza isomwe khitma pale Mackinnon Road kwa ajili ya Waislamu wote ambao makaburi yao hayajulikani. Na wenzetu wa dini nyingine wawaombee watu wao. Kisha wazee waliofanya kazi relini, madereva, mafundi na makarani, waketishwe mbele watusimulie. Treni ya abiria ya Mombasa na Nairobi katika reli hiyo ya zamani ilikoma mwaka 2017, ilipokuja reli mpya, na walioitumikia wanapungua kila mwaka. Tukingoja itimie miaka 150, tutamwuliza nani?