Mtoto aliyefaulu kipimo, na bado hasikii

Kipimo cha kwanza cha masikio ya kichanga hakimtaki mtoto ajibu lolote. Akilala ndiyo vizuri zaidi. Muuguzi humwekea kizibo laini kwenye tundu la sikio, mashine ikatoa milio midogo midogo, kisha ikanyamaza na kutega. Sikio zima hurudisha sauti, hafifu mno, ambayo kipaza sauti kilichomo kwenye kizibo huinasa. Ndiyo, sikio nalo hutoa sauti. Mwanafizikia David Kemp aliyeonyesha jambo hilo London mwaka 1978 hakuaminiwa na kila mtu.

Mwangwi huo hutoka kwenye seli za nje zenye vinyweleo, safu tatu ndani ya koklea, ile sehemu ya sikio la ndani iliyojiviringa kama konokono. Kazi ya seli hizo ni kukuza mtikisiko wa sauti. Zinazofikisha habari kwenye neva ya kusikia ni nyingine, seli za ndani, safu moja tu. Kwa hiyo mashine ikisema mtoto amepita, imezungumzia zile za nje. Kuhusu seli za ndani, neva na shina la ubongo haijasema kitu, na hapo ndipo baadhi ya watoto wanapotuponyoka.

Ni watoto gani hao? Wengi wamepitia wodi ya wagonjwa mahututi: njiti, waliozaliwa bila kulia, na hasa waliopata manjano makali. Bilirubini, kemikali inayoleta manjano hayo, ikizidi kwenye damu hupenya hadi kwenye ubongo, na njia za usikivu ni miongoni mwa sehemu inazoziharibu mapema. Seli za nje huenda zikabaki salama kabisa. Nyumbani mambo huchanganya: leo mtoto anageuka mlango ukibamizwa, kesho anaitwa haitiki. Mama akieleza wasiwasi wake, bibi humtuliza kwamba hata baba yake alichelewa kusema. (Bibi huenda anasema kweli, ila hiyo si sababu ya kuacha kupima.)

Watoto hawa wanahitaji kipimo cha pili: vibandiko kwenye paji la uso na nyuma ya masikio, vinavyosoma umeme wa neva na shina la ubongo katika milisekunde chache baada ya kila mlio. Marekani, mtoto aliyekaa wodi hiyo zaidi ya siku tano hupendekezewa kipimo hiki moja kwa moja. Haraka ina sababu yake. Utafiti wa Christine Yoshinaga-Itano na wenzake huko Colorado, uliochapishwa mwaka 1998, ulionyesha kuwa waliogundulika kabla ya miezi sita walikuwa na lugha bora kuliko waliogundulika baadaye.

Kuna kundi dogo jingine lenye mwangwi mzuri na neva kimya: waliorithi hitilafu ya jeni ya OTOF kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao kwa kawaida wanasikia vizuri. Jeni hiyo hutengeneza otoferlini, protini inayoziwezesha seli za ndani kuipa neva ujumbe. Januari 2024, watafiti wa Chuo Kikuu cha Fudan, Shanghai, walitangaza kuwa watoto watano kati ya sita waliodungwa jeni isiyo na kasoro ndani ya koklea walianza kusikia. Jeni hiyo ni ndefu kuliko uwezo wa kirusi kinachotumika kuibeba, hivyo waliigawa nusu mbili katika virusi viwili, zikaungana ndani ya seli. Kabla ya hapo, tegemeo la watoto hao lilikuwa kupandikizwa koklea ya bandia, huduma iliyoanza katika Hospitali ya Muhimbili, Tanzania, mwaka 2017 na ambayo gharama yake bado ni mzigo kwa familia nyingi.

Tiba hiyo ya jeni haimgusi mtoto aliyeumizwa na manjano, kwani OTOF yake haina kasoro. Kinga yake ilikuwa mwanga wa bluu siku za mwanzo, na pale usipotosha, kubadilishwa damu. Kama muda huo umeshapita, mzazi aulize kliniki ni kipimo kipi mwanawe alifanyiwa, cha mwangwi au cha vibandiko.