Dawa za usingizi: za siku chache, si za msimu mzima

Wakati wa kukausha tumbaku, mkulima wa Urambo au Kaliua huamka mara kadhaa usiku kwenda kuangalia moto wa bani. Kazi ikiisha, mwili umeshazoea kukesha, na deni la mbolea bado linasubiri mauzo. Wiki mbili zinapita hapati usingizi. Ndipo jirani anapomwambia: "Meza hivi viwili, alipewa bibi hospitali. Utalala fofofo."

Msikilizaji, ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini umewaumiza watu. Dawa za usingizi zinasaidia kweli zikitumiwa kwa cheti cha daktari, kwa kipimo chako mwenyewe, na kwa siku chache.

Zinavyofanya kazi

Inayojulikana zaidi ni diazepam, ambayo wengi huiita Valium. Imekuwa ikitumika duniani tangu mwaka 1963. Hupunguza kasi ya ubongo, wasiwasi hutulia na usingizi huja. Tatizo ni kwamba ubongo huizoea. Baada ya wiki kadhaa kidonge kile kile hakitoshi, mtu anaongeza cha pili, na mwishowe hawezi kulala bila dawa. Ndiyo maana daktari huiandika kwa siku chache, na kwa kawaida haizidi wiki mbili hadi nne.

Asubuhi dawa bado imo mwilini

Wengi hudhani dawa ya usiku inaisha kukipambazuka. Diazepam haiishi hivyo. Baada ya siku moja hadi mbili, karibu nusu yake bado imo mwilini. Ukimeza kila usiku, inalundikana.

Fikiria dereva wa lori anayetoka Tabora kuelekea Kigoma, uelekeo ule ule wa misafara ya zamani ya kwenda Ujiji. Amelala vizuri, lakini mikono na macho yake bado ni mazito. Kwa dereva wa bodaboda au mtu anayekata kuni kwa shoka, hatari ni ile ile. Kwa wazee ni kubwa zaidi, kwa sababu miili yao huondoa dawa polepole. Bibi anaamka usiku kwenda chooni, anayumba, anaanguka na kuvunjika nyonga.

Usichanganye, usigawane

Usinywe pombe ya aina yoyote, iwe ya dukani au ya kienyeji, ukiwa unatumia dawa hizi. Vyote viwili hupunguza kasi ya kupumua, na mtu anaweza kulala asiamke. Tahadhari hiyo inahusu pia dawa kali za maumivu kama tramadol. Hata piriton, ambayo watu huimeza ili walale, huongeza uzito huo.

Mwambie daktari kama una mimba, unanyonyesha, una ugonjwa wa ini au wa mapafu, au unakoroma sana hadi pumzi inakatika. Vidonge vikibaki, usimpe mtu mwingine, na viweke mbali na watoto.

Kama umeshatumia kwa wiki nyingi, usiache ghafla. Unaweza kutetemeka, kutokwa na jasho na hata kupata degedege. Rudi kwa daktari akupunguzie kidogo kidogo.

Tafuta kinachokukosesha usingizi

Kidonge hakiondoi chanzo. Kukojoa mara nyingi usiku kunaweza kuwa dalili ya kisukari. Nikotini ya tumbaku huchangamsha mwili, na hupenya kwenye ngozi unaposhika majani mabichi yenye umande. Vaa glavu na mikono mirefu, kisha oga baada ya kazi. Dolutegravir, iliyomo kwenye kidonge cha ARV kinachotumiwa na wengi, huwakosesha baadhi ya watu usingizi. Usiache ARV. Waulize wahudumu wa kliniki yako kama unaweza kuimeza asubuhi.

Kama huzuni imekuzidi, au unawaza kujidhuru, mwambie mtu unayemwamini leo hii na uende kituo cha afya.

Nyumbani, amka saa ile ile kila siku hata kama ulilala vibaya. Acha kahawa na chai ya majani kuanzia saa nane mchana. Usilale mchana kwa muda mrefu. Simu iweke mbali na kitanda. Usingizi ukigoma, inuka ukae kimya mahali penye mwanga hafifu, urudi kitandani ukianza kusinzia. Mazoea haya huchukua wiki kadhaa kuzaa matunda, lakini matunda yake hudumu.

Ukiandikiwa dawa, uliza

Nimeze ngapi, saa ngapi, kwa siku ngapi? Kesho yake naweza kuendesha? Inapatana na dawa zangu nyingine? Nirudi lini?

Ukimkuta mtu aliyemeza dawa haamki, au anapumua polepole sana, mlaze kwa ubavu. Usimpe maziwa wala maji. Mkimbize kwenye kituo cha afya kilicho karibu au hospitali, na ubebe pakiti ya dawa aliyokunywa. Pakiti hiyo itamwambia daktari pa kuanzia.