Alama ya KI Katika Matendo

Mara nyingi mtu hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Mchungaji hutembea, na huku anapiga mluzi. Kiswahili hueleza jambo hilo kwa maneno machache: "Mchungaji anatembea akipiga mluzi." Alama ya KI yaonyesha kwamba tendo la pili linaendelea wakati tendo la kwanza linapofanyika.

Namna ya kuliunda neno hilo ni hii: kwanza silabi ya mtendaji, kisha KI, halafu tendo lenyewe: a-ki-soma, wa-ki-lima, moshi u-ki-panda. Matendo mafupi, kama kula, kunywa na kuja, huacha KU yake: akila, akinywa, akija. "Akikula" si Kiswahili sanifu.

Wahispania hubadili mwisho wa neno. Hablar, yaani kusema, huwa hablando. Comer, yaani kula, huwa comiendo. Neno hilo halibadiliki, awe mtendaji ni mmoja au ni wengi. Katika Kiswahili mwanzo hubadilika: nikisema, ukisema, wakisema.

KI ikiwa katika sehemu ya kwanza ya maneno, mara nyingi huwa na maana ya sharti: "Mvua ikinyesha, tutapanda mahindi."

Tena yafaa kuitofautisha KI na KA. Shahidi akisema mbele ya baraza, "Kijana alitoka zizini akivuta mbuzi," maana yake kijana na mbuzi walitoka pamoja. Lakini akisema, "Kijana alitoka zizini akavuta mbuzi," maana yake alitoka kwanza, ndipo akavuta mbuzi, ambaye labda alikuwa nje tangu mwanzo. Herufi moja yaweza kumtia mtu hatiani au kumwokoa.

Katika habari za Iringa alama zote mbili zahitajiwa. Mwaka 1894 Wajerumani waliiteka ngome ya Kalenga. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, akatoroka, akakaa porini akipigana nao mpaka alipokufa mwaka 1898. KA yaonyesha mambo yaliyofuatana: alitoroka, kisha alikaa porini. KI yaonyesha vita vilivyoendelea muda wote aliokaa huko.

Basi kila aandikaye habari na ajiulize: Je, mambo haya yalitendeka pamoja, au moja lilifuata jingine? Yakiwa pamoja, ataandika KI; yakifuatana, ataandika KA.