Kabla ya Bunduki, Itazame Risasi

Habari za mashambulizi ya Lamu au za wezi wa mifugo kule Turkana na Baringo zikisomwa redioni, baraza za Bondeni, hapa Mombasa, hazikawii kugawanyika. Kuna wanaoapa kwamba bunduki ni G3, kwa mlio wake na uzito wake, na kuna wasiotaka kusikia jina jingine ila AK-47. Mabishano haya si yetu peke yetu. Marekani yako majarida mazima na vilabu vya shabaha visivyohesabika ambavyo kazi yao ni kulinganisha bunduki moja na nyingine. Lakini hapa na huko, mlinganisho aghalabu huanzia pasipofaa. Watu hutaja jina la mtengenezaji, nchi ilikotoka, hata sura yake, na hukisahau kile kitu chenye uzito wa gramu 16 au 24 kinachoingizwa ndani. Ninavyoona mimi, anayetaka kuijua bunduki aanze na risasi yake, kwani risasi ndiyo iliyoamua bunduki iundwe vipi, itadhuru kiasi gani, na nani ataweza kuendelea kuitumia.

Wengi watakwambia kwamba G3 na AK zote ni 7.62, kwa hivyo ni ndugu. Nambari ni ya kweli, undugu haupo. Milimita 7.62 ni sehemu tatu za kumi za inchi, kipimo cha upana wa ndani wa mtutu. Warusi walikuwa wakikitumia tangu bunduki yao ya Mosin ya mwaka 1891. Kipimo hicho hakikuambii chochote kuhusu kilicho nyuma ya mtutu. Risasi nzima ina sehemu nne: ganda, fataki iliyopachikwa kitakoni mwa ganda, baruti iliyomo tumboni, na kichwa kinachoruka. Ganda la risasi ya G3 lina urefu wa milimita 51. La AK ni milimita 39. Baruti ya lile refu ni nyingi zaidi kwa mbali. Hata vichwa vyenyewe havitoshani, kimoja kikiwa na upana wa takriban milimita 7.8 na kingine 7.9. Risasi ya bunduki moja haifai kabisa katika nyingine, na askari aliyeishiwa na za kwake hawezi kuazima kwa mwenzake mwenye bunduki ya aina ile ya pili.

Tazama pia ni kipi kilichotangulia. Wasovieti walibuni risasi yao fupi mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto. Mikhail Kalashnikov akaja kuunda bunduki ya kuitumia miaka michache baadaye, ikakubaliwa na jeshi mwaka 1949. Mataifa ya NATO yalikubaliana juu ya risasi ya milimita 51 mwaka 1954, na jeshi la Ujerumani Magharibi likaichukua G3 mwaka 1959. Kila mara risasi ilizaliwa kwanza, chuma kikafuata umbo lake. Ule mpindo wa magazini ya AK, unaotambuliwa na kila mtoto aliyewahi kuona sinema, haukuwekwa kwa urembo. Ganda la risasi yake ni nene kitakoni na hupungua kuelekea shingoni, kwa hivyo ukizipanga 30 moja juu ya nyingine, safu yenyewe hujipinda. Ganda la G3 limekaribia kunyooka, na magazini yake ya risasi 20 imenyooka vilevile. Yako mengine yasiyoonekana kwa nje. AK hujipakia kwa kutumia moshi wa baruti unaosukuma pistoni juu ya mtutu. G3 haina pistoni; ganda lenyewe ndilo linalosukumwa nyuma, likicheleweshwa na vigurudumu viwili vya chuma. Ili ganda lisigandamane na chemba wakati wa kutoka, chemba hiyo imechongwa mifereji myembamba, na kila ganda lililopigwa kwa G3 hutoka na mistari ya masizi ubavuni. Mpelelezi anayeokota ganda kama hilo chini ameshajua nusu ya habari kabla ya kulipeleka maabara.

Tukija kwenye nguvu, hesabu yake haina siri. Uzito wa kichwa huzidishwa kwa kasi, kisha kwa kasi mara ya pili, halafu hugawanywa kwa mbili. Kichwa cha G3 cha takriban gramu 9.5 hutoka mtutuni kwa mita 800 hivi kwa sekunde, nacho hubeba juli zipatazo 3,000. Cha AK, gramu 8 kwa mita 715, hubeba kama 2,000. Risasi nyembamba ya 5.56 ya bunduki za Kimarekani ina kichwa cha gramu 4 tu, lakini hupita mita 900 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo hufikia juli 1,700 hivi. Kasi ndiyo inayotawala hesabu. Martini-Henry, bunduki ya Waingereza wa enzi za Malkia Victoria, ilirusha kipande cha risasi cha gramu 31, zaidi ya mara tatu ya kile cha G3, na bado nguvu yake ilikuwa chini, juli 2,600 hivi, kwa sababu kasi haikuzidi mita 410 hivi kwa sekunde. Mtu atauliza, basi kwa nini majeshi yakachagua risasi dhaifu? Wajerumani, kisha Wasovieti, waliona vitani kwamba mapigano mengi hufanyika ndani ya mita 300 au 400, na nguvu za ziada zilikuwa mzigo wa bure. Risasi 100 za G3 zina uzito wa kilo 2.4, za AK 1.6, za 5.56 kama 1.2. Nasi tunaoishi katika nyumba zilizogusana kuta tuna jambo jingine la kufikiri: risasi ya G3 inaweza kuruka zaidi ya kilomita 3, masafa yanayovuka sehemu kubwa ya Kisiwa cha Mombasa. Anayeifyatua hewani kwa kutawanya watu hajui itaangukia kichwa cha nani.

Wapenzi wa bunduki wana jibu, na ni la haki. Watasema sifa ya AK haikutokana na juli. Ilitokana na kwamba haikatai kupiga ikijaa mchanga au matope, na kwamba mtu huweza kufundishwa kuitumia kwa muda mfupi. Kweli kabisa. Ila ganda lile lenye umbo la mchongoko ni sehemu ya siri hiyo, maana huingia na kutoka chembani kwa urahisi kuliko ganda lililonyooka. Wengine watasema muhimu ni mlengaji, na ushahidi wao uko hapa hapa Afrika Mashariki. Walter Bell, Mskoti aliyepewa jina la Karamojo kwa kuwinda kwake Karamoja, aliua zaidi ya ndovu 1,000, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7, wakati wenzake wakibeba mibunduki ya kuvunja bega. John Taylor, mwindaji wa Msumbiji, alipinga mwelekeo huo katika kitabu chake cha mwaka 1948 kuhusu bunduki na risasi za Afrika, akatunga kanuni yake inayozidisha uzito wa kichwa, kasi na upana. Wawili hao walitofautiana sana, lakini hata Bell aliyetegemea shabaha alitegemea vichwa vigumu visivyobonyea, vinavyopenya mfupa hadi ubongoni. Wote wawili walikuwa wakibishana juu ya risasi. Mauaji hayo ya ndovu ni jambo la kusikitisha, na Kenya ilifanya vyema kupiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Lakini somo la kiufundi lililobaki halipingiki.

Historia ya pwani yetu inalieleza jambo hili vizuri kuliko jedwali lolote. Mwenye gobore alijitegemea. Alipima baruti mwenyewe, akaitia kwa mdomo wa mtutu, akaishindilia kwa mdeki, na kama hakuwa na marisau, vipande vya chuma vilimtosha. Wakoloni walilielewa hilo. Mkataba wa Brussels wa Julai 1890 ulizuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa na risasi zake katika ukanda mpana wa Afrika ambao Mombasa imo ndani yake, lakini uliacha mlango kwa magobore ya mtutu laini na baruti ya kawaida ya biashara. Walijua gobore halingewashinda. Bunduki ya risasi zenye ganda, kwa upande mwingine, ina mfadhili wake daima: kiwanda. Mbaruk bin Rashid wa Gazi alipoinuka dhidi ya Waingereza mwaka 1895, adui zake walikuwa na bandari hii ya Mombasa ya kuteremshia askari wa Kihindi na kila walichohitaji. Aprili 1896 alivuka mpaka kuingia himaya ya Wajerumani, na vita vikaisha.

Sheria za leo bado hutazama chuma zaidi. Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini Aprili 2004, inazitaka nchi za kanda yetu kuwanyima raia kabisa bunduki za otomatiki na zile za nusu-otomatiki, yaani zinazojipakia zenyewe na kutoa risasi moja kila unapovuta kifyatulio. Ni katazo zuri na sina ugomvi nalo. Lakini bunduki hudumu miaka 50, na zile zilizoporwa katika ghala la Moroto, Uganda, Idi Amin alipoanguka mwaka 1979 hazikungoja itifaki. Kinachokwisha ni risasi. Mwaka 2008 taasisi ya Small Arms Survey ya Geneva ilichapisha uchunguzi kuhusu Turkana Kaskazini, ikaeleza kwamba karibu nusu ya risasi zilizozagaa huko kinyume cha sheria zilitoka kwa serikali ya Kenya yenyewe. Kitako cha ganda ndicho kilichosema: juu yake hupigwa chapa, na herufi KOFC ni za kiwanda cha risasi cha Eldoret, kilichojengwa miaka ya 1990 kwa ufundi wa kampuni ya FN ya Ubelgiji.

Atatokea wa kusema kwamba wafugaji wa Turkana walipewa risasi hizo ili wajilinde dhidi ya wavamizi wa kutoka ng'ambo ya mpaka, mahali ambapo polisi hawafiki. Ni hoja nzito, na anayelala salama Bondeni asiidharau. Hata hivyo kumpa mtu kinga hakuzuii kuhesabu alichopewa. Raia mwenye kibali cha bastola huandikiwa kwenye cheti chake idadi ya risasi anazoruhusiwa. Vipi zinazotoka kwenye ghala la umma zisihesabiwe kwa ukali uleule? Wengine husema risasi ni ndogo mno na ni nyingi mno kufuatiliwa, na ni kweli kwamba utaratibu wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2005 wa kufuatilia silaha uliziacha nje. Ulimwengu ulichelewa hadi Desemba 2023 kupitisha mwongozo wa kusimamia risasi tangu kiwandani hadi mwisho wake. Lakini Brazil ilishaonyesha kwamba kuzifuatilia kunawezekana. Sheria yake ya mwaka 2003 inataka risasi za vyombo vya dola zipigwe chapa ya fungu kitakoni. Diwani Marielle Franco alipouawa Rio de Janeiro Machi 2018, maganda yaliyookotwa yalikuwa na chapa ya fungu lililouzwa kwa polisi wa shirikisho mwaka 2006, na maswali yakapata pa kuelekezwa. Huko uzembe ulikuwepo pia, kwani fungu hilo lilikuwa kubwa kupita kiwango cha kisheria cha risasi 10,000, na kulifuatilia kukawa kugumu. Kenya haihitaji kumwomba mtengenezaji wa nje afanye hivyo. Kiwanda ni chake, mashine inayopiga KOFC ni yake, na kuongeza herufi na nambari za fungu, pamoja na daftari la kuonyesha limekwenda kituo gani, ni uamuzi unaoweza kufanywa Nairobi na kuanza kazi Eldoret.