Je, Wajua? Gesi ya AC Haiishi, Huvuja

Je, wajua kwamba AC ya kwanza ya kisasa haikubuniwa ili kumpoza mtu? Mwaka 1902, kiwanda kimoja cha uchapaji huko Brooklyn, New York, kilisumbuliwa na karatasi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi karatasi zilitanuka, ikikauka zilisinyaa, na rangi zikawa hazikai mahali pake. Mhandisi kijana, Willis Carrier, akabuni mtambo wa kudhibiti unyevu huo. Mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa ataelewa mara moja: mwezi wa Februari kinachotutesa si joto peke yake, ni jasho lisilokauka.

Wajua kwamba AC haitengenezi baridi? Kazi yake ni kuhamisha joto. Ndani ya mabomba ya shaba mna gesi inayozunguka. Ikipita chumbani inafyonza joto, kisha kompresa inaibana na joto lile linatupwa nje. Simama mbele ya feni ya mashine ya nje na utasikia hewa ya moto: ndilo joto lililotoka chumbani mwako. Kwa hiyo mashine iliyobanwa kwenye kona isiyopitisha hewa, au iliyozungukwa na mapipa na mbao, hula umeme mwingi na kupoza kidogo. Karibu na bahari kuna chumvi pia, inayokula mapezi ya alumini ya mashine hiyo. Umeme ukiwa umezimwa, yasuuze kwa maji yasiyo na chumvi. Maji ya visima vingi vya pwani hayafai.

“Tani moja” ya AC haihusu uzito wa mashine. Ni kipimo kilichobaki tangu enzi za kupoza kwa barafu: nguvu ya kuyeyusha tani moja ya barafu, ile tani ya Kimarekani, kwa saa 24. Ndiyo BTU 12,000 kwa saa unazoziona kwenye boksi.

Wajua kwamba kuweka rimoti kwenye 16 hakuharakishi ubaridi wa AC ya kawaida? Kompresa yake haina mwendo wa kati: inawaka yote au inazima. Ukiweka 16 au 25, chumba kitapoa kwa kasi ileile, ila kwenye 16 haitapumzika, na mita ya Luku itakuonyesha. AC ya BTU 12,000 hutumia takriban kilowati moja. Ikiwaka bila kupumzika saa nane za usiku, uniti nane zimekwenda. Zile za inveta hupunguza mwendo wa kompresa chumba kikishapoa, ndiyo maana kwa mtu anayelala na AC kila siku bei yake ya juu ina maana.

Pangaboi halipozi chumba, humpoza aliyemo. Ukitoka, lizime. Ukiwepo, liwashe pamoja na AC na upandishe rimoti nyuzi mbili; hutaona tofauti mwilini.

Umeme ukikatika na kurudi, wajua kwamba kompresa inahitaji kama dakika tatu kabla ya kuwaka tena? Shinikizo la gesi lazima lisawazike kwanza. AC nyingi za kisasa zinasubiri zenyewe. Ya zamani, isubirie wewe.

Na barafu ikiganda kwenye mashine ya ndani, si dalili kwamba AC ina nguvu. Mara nyingi chujio limeziba vumbi na hewa haipiti. Fungua mfuniko, toa machujio ya plastiki, yaoshe, yaanike kivulini. Kazi hii haihitaji fundi.

Kwa ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani Kaskazini: mashine ileile ikigeuzwa mzunguko, inachota joto nje hata penye baridi na kuliingiza ndani. Hita ya kawaida ya umeme hugeuza uniti moja kuwa joto la uniti moja. Mashine hii, kwa uniti moja, huweza kuleta joto la uniti tatu, ingawa nje kukiwa na baridi kali kiasi hicho hupungua.

Kwenye baridi ya Njombe, Mbeya na Limuru wengi hawana hita, wana jiko la mkaa. Wajua kwamba mkaa uliokwisha kushika vizuri, usio na moshi hata kidogo, ndio unaodanganya zaidi? Unatoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayomlaza mtu asiamke. Usiingize jiko chumbani mnakolala, hata kama mlango uko nusu wazi, hata kama “linazimika.” Ongezeni blanketi.

Oktoba 2016, jijini Kigali, nchi karibu 200 zilikubaliana kupunguza gesi za viyoyozi na friji zinazopasha dunia joto. Kilo moja ya gesi ya R-410A ikitoroka hewani ina madhara sawa na zaidi ya kilo 2,000 za hewa ukaa. R-32 ina madhara ya kama theluthi ya hayo, lakini inaweza kushika moto, kwa hiyo isishikwe na asiyeijua.

Kwenye gesi hizi ndipo wateja wengi wanapoibiwa. Gesi ya AC haitumiki ikaisha kama petroli. Inazunguka humohumo miaka yote. Ikipungua, pana tundu. Fundi anayekuja kila baada ya miezi michache “kuongeza gesi” anakuuzia kitu kinachomwagika. Fundi wa kweli hupaka povu la sabuni kwenye nati za mabomba na kuangalia panapotoa mapovu. Doa la mafuta kwenye maungio nalo humwonyesha. Akishaziba, anafyonza hewa yote na unyevu kwa pampu, kisha anajaza gesi kwa kuipima kwenye mizani, kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha mashine.

Basi akikuambia “gesi imeisha,” usitoe pesa kabla hajakuonyesha kwa macho yako inapovujia.