Kumpata Mfasiri wa Karatasi za Fedha

Mkulima anayepeleka majani ya chai kiwanda cha Tombe, huku Manga, Nyamira, hahitaji kufundishwa kwamba bonasi si gawio. Bonasi hulipwa kwa kilo za majani. Gawio hulipwa kwa hisa anazomiliki katika kampuni ya kiwanda. Anayechanganya hayo mawili asikabidhiwe mkataba wa fedha, hata awe na shahada ya lugha tatu.

Nalisema hili kwa sababu vijana wa Kisii na Nyamira wako Ghuba na Ulaya, na karatasi zao hurudi nyumbani: mikataba, taarifa za benki, hati za mikopo. Mwaka 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi, kwa hiyo za Kijerumani nazo tuzitarajie.

Hatari kubwa imo katika tarakimu, pale ambapo wengi hudhani hapana cha kufasiri. Mjerumani akiandika 1.250 anamaanisha elfu moja mia mbili na hamsini. Nukta hutenga maelfu, na mkato ndio unaotenga senti. Billion yake ni trilioni yetu. Bilioni yetu yeye huiita Milliarde. Katika Kiarabu cha Ghuba, tano huandikwa kwa kiduara ambacho jicho geni hukisoma sifuri, na sifuri yenyewe ni nukta. Mwaka wa Hijria nao ni mfupi kuliko wetu kwa siku kama 11, hivyo tarehe ya kulipa deni huweza kufika kabla hujajiandaa.

Basi mpe mfasiri ukurasa mmoja wenye jedwali la hesabu, akueleze nani anamdai nani, lini, na nini hufuata malipo yakichelewa. Akishindwa, mshukuru uendelee kutafuta. Ujerumani ina orodha ya umma, mtandaoni, ya wafasiri walioapishwa na mahakama. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, Wizara ya Sheria huwapa leseni wafasiri wa nyaraka za kisheria. Lakini kiapo hakimfanyi mtu ajue kusoma mizania. Hilo uliulize kando.

Saudi Arabia pana jambo zaidi: sheria ya kazi inasema maandishi ya Kiarabu yakitofautiana na ya lugha nyingine, Kiarabu ndicho hufuatwa. Kwa hiyo kabla ya kusaini, mfasiri alinganishe pande zote mbili mstari kwa mstari, akianza na mshahara, makato na muda wa mkataba.